Mijusi, simba na nguva kwenye milango ya Cartagena: nani anajua maana yake ya kweli?

#1 Mtembezi wa Shangani (Unguja)

Assalaam alaikum wanajukwaa, na habari za leo.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulikaa siku nne Cartagena de Indias, mji wa kale wenye ngome katika pwani ya Karibi ya Kolombia. Siku zote nne tulitembea kwa miguu, kwa kuwa mji uliomo ndani ya kuta ni mdogo, na anayepita kwa gari haoni kitu. Tuliingia kwa lango la Mnara wa Saa, tukatokea Plaza de los Coches, tukafuata vichochoro hadi Plaza de Bolívar na Santo Domingo, kisha tukapanda juu ya ukuta jioni kusubiri jua lizame baharini. Ni mji ambao mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe hawezi kuutembea bila kusimama kila baada ya hatua kumi.

Kilichonisimamisha zaidi ni milango. Ni mikubwa, ya mbao nzito, imepigiliwa safu za misumari yenye vichwa vya duara, na mara nyingi ndani ya mlango mkubwa kuna mlango mdogo wa kupita mtu mmoja. Katikati pana pete ya shaba ya kubishia hodi, nayo imefinyangwa kwa umbo la mjusi, simba, samaki, nguva au mkono wa mtu. Kiongozi wetu wa siku ya kwanza alieleza kwa uhakika mkubwa kwamba mjusi ulikuwa alama ya watu wenye nasaba ya kifalme, simba wa maofisa wa jeshi, samaki na nguva wa wafanyabiashara wa baharini, na mkono wa watu wa kanisa. Idadi ya misumari, alisema, ilionyesha utajiri wa mwenye nyumba. Akatutajia na msemo wa Kihispania, *a tal casa, tal aldaba*, yaani kama ilivyo nyumba ndivyo ilivyo pete yake.

Siku ya pili nikamsikia kiongozi mwingine, akiwa na wageni wengine mbele ya mlango uleule, akisema kwamba simba ni nyumba ya mwalimu. Hapo shaka ikaniingia. Mimi nimekulia mahali ambapo mgeni huambiwa kuwa misumari ya shaba kwenye milango yetu iliwekwa kuzuia tembo, ilhali Unguja haina tembo. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze: je, alama zile za Cartagena zilikuwa na maana hiyo kweli, au ni maelezo yaliyozaliwa baadaye? Nasikitika kwamba sikuweza kumuuliza yeyote kwa Kihispania kizuri, katika mji uliohimili mashambulizi ya Drake mwaka 1741 na ambao bila shaka una kumbukumbu nyingi za maandishi.

#2 Binti Kisauni (Mombasa)

Ahsante kwa uzi mzuri, kaka. Mimi namwamini kiongozi wa kwanza. Mji wa kikoloni ulikuwa mji wa vyeo, na watu wa vyeo hupenda vyeo vyao vionekane tangu mlangoni. Sioni ajabu hata kidogo.

#3 Seremala wa Langoni (Lamu)

Ndugu Mtembezi, nimefanya kazi ya milango kwa miaka mingi, nami nitasema yale ambayo mikono yangu inayajua, nikiyaacha ya nasaba kwa wasomi.

Mlango mkubwa wa aina uliyoieleza hauchongwi kwa ubao mmoja. Mbao husimamishwa wima zikabanana, kisha nyuma yake hulazwa mbao nyingine za kukata, na kinachozishikilia pamoja ni msumari unaopenya kutoka mbele hadi nyuma. Msumari mrefu ukipita, ncha yake hukunjwa nyuma ili usirudi. Sasa, kichwa cha msumari wa kawaida ni kidogo, na mbao za pwani huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, kwa hiyo kichwa kidogo huzama na mbao huachia. Fundi huweka kichwa kipana. Kichwa kikiwa cha chuma, hewa ya chumvi hukila na kutu huacha machozi meusi kwenye mbao. Kikiwa cha shaba, hudumu. Huo ndio mwanzo wa uzuri wote ule. Safu zimenyooka kwa sababu mbao za nyuma zimenyooka.

Kwa hiyo anayesema kuwa misumari mingi ni utajiri amesema kweli kwa njia ya kuzunguka: mlango mkubwa unataka misumari mingi, na mlango mkubwa ni wa mwenye mali. Lakini hakuna aliyekaa akahesabu misumari ili ajulikane cheo.

#4 Mwalimu Kirumba (Mwanza)

Nashukuru kwa maelezo ya #3, ambayo yamenipa picha niliyoikosa vitabuni. Ninaomba kuongeza jambo moja ambalo naona linabadilisha swali zima.

Neno la Kihispania la pete ya kubishia hodi ni *aldaba*. Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Hispania inaeleza kuwa neno hilo limetoka katika Kiarabu cha Andalusia, nacho kimelichukua kutoka Kiarabu cha asili, *dabba*, ambalo maana yake ni mjusi jike. Kamusi hiyohiyo inasema jina lilitolewa kwa sababu ya umbo, kwamba komeo la awali lilifanana na mnyama huyo. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na Cartagena iliasisiwa na Pedro de Heredia mwaka 1533, yaani miaka 41 tu baadaye. Maseremala na wahunzi waliovuka bahari walitoka kwa wingi katika kusini ya Hispania, ambako sanaa ya mbao, madirisha ya kimiani na nyumba yenye ua katikati vilikuwa urithi wa karne nyingi za ufundi wa Kiislamu.

Basi, ndugu Mtembezi, yawezekana mjusi wa mlangoni hakuwa alama ya mfalme wala mtukufu yeyote. Yawezekana ni kitu kinachokumbuka jina lake chenyewe, hata baada ya watu waliokitumia kusahau Kiarabu.

#5 Mzee wa Kilindini (Mombasa)

Salaam. Nitasahihisha kwanza, kisha nitachangia.

Drake hakuwapo mwaka 1741. Francis Drake aliuteka mji mwaka 1586, akaukalia kwa muda wa wiki kadhaa akichoma nyumba hadi alipolipwa fidia. Wa mwaka 1741 ni Admirali Edward Vernon, Mwingereza pia, aliyekuja na kundi kubwa mno la meli akashindwa na Blas de Lezo, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupoteza mguu mmoja, jicho moja na nguvu ya mkono mmoja katika vita vya awali. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mtembeaji, kwa sababu kuta unazozikanyaga zilianzishwa kutokana na aibu ya 1586, ilhali kilima cha ngome ya San Felipe unachokiona upande wa bara ndipo mapambano makali ya 1741 yalipofanyika.

Baada ya Drake, Mfalme Philip wa Pili alimtuma mhandisi Mtaliano, Battista Antonelli, kuchora ngome za Karibi, na Cartagena ikiwamo. Mfalme huyohuyo wakati ule alikuwa pia mfalme wa Ureno, na ni katika enzi yake, mwaka 1593, ndipo Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus hapa Mvita, kwa michoro ya Mtaliano mwingine, Giovanni Battista Cairati. Nilipotembea juu ya ukuta wa Cartagena miaka mitano iliyopita, nikitazama zile pembe kali zinazotoka nje ili mzinga mmoja uulinde ukuta wa mwenziwe, nilihisi niko nyumbani, nikadhani ni hisia tu ya mzee aliyechoka na jua. Sivyo. Ni elimu moja ya ngome, na mfalme mmoja. Hata jiwe ni ndugu: nao walijenga kwa matumbawe na chokaa.

Kuhusu milango, mimi naegemea baharini. Misumari ile huitwa *estoperoles*, na neno hilo ni la mabaharia, msumari mfupi wenye kichwa kikubwa cha duara uliotumika melini. Cartagena ilikuwa bandari ya misafara ya meli za fedha za Hispania, na mtaa wa Getsemaní una barabara inayoitwa Calle del Arsenal hadi leo, palipotengenezwa vyombo. Fundi wa meli akikosa meli hutengeneza mlango, kwa misumari aliyonayo.

#6 Mtembezi wa Shangani (Unguja)

Nimekubali kosa la Drake, Mzee, na nashukuru kwa upole wako. Hoja ya #4 imenikosesha usingizi. Yupo mtu aliyeko Arabuni anayeweza kutuambia neno hilo la mjusi linatumika vipi huko?

#7 Bint Mattrah (Maskati)

Nipo. Wazee wangu walirudi Omani kutoka Unguja, nami nazungumza lugha zote mbili. Neno *dhabb* tunalo, ni yule mjusi mkubwa wa jangwani mwenye mkia wa miiba, ambaye baadhi ya watu wa bara humla. Si mjusi kafiri wa ukutani. Kwa ukubwa anakaribia zaidi kenge mdogo. Ukimtazama amelala juu ya mwamba, amejinyoosha, kichwa kipana, kweli anafanana na komeo la mbao lililolazwa. Sijui kama hilo linatosha kuthibitisha kilichoandikwa na Mwalimu, lakini nilipolisoma nilimwona palepale.

#8 Seremala wa Langoni (Lamu)

Bi Bint Mattrah, maelezo yako ni mazuri, ila ninaomba tusiharakishe. Jina la kifaa ni kitu kimoja, na sura yake ni kitu kingine. Sisi wajenzi wa pwani tuna boriti ya paa tunayoiita mtambaapanya, na sijaona hata siku moja nyumba ambayo fundi alichonga panya juu yake. Jina hukaa katika ulimi karne nyingi bila kufika mkononi. Ili hoja ya Mwalimu isimame, inatakiwa aonyeshe kwamba mhunzi wa Cartagena alijua kuwa *aldaba* ni mjusi. Mhispania wa karne ya kumi na saba alikuwa akilitamka tu, kama tunavyosema "dirisha" bila kuwaza lilikotoka.

#9 Mwalimu Kirumba (Mwanza)

Nakubali kuwa hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya hoja yangu. Hata hivyo desturi ya ufundi hupita kwa kuiga kifaa, si kwa neno. Mwanagenzi humwiga fundi wake kwa vizazi, na umbo hubaki hata maana ikipotea. Panya wa mtambaapanya hakuwahi kuchongwa tangu mwanzo, ilhali komeo, kwa mujibu wa kamusi, lilikuwa na umbo la mjusi tangu mwanzo.

#10 Mkaa Toronto (Kanada)

Jamani, mbona hakuna aliyetaja jambo lililo wazi kabisa? Cartagena imejaa mijusi wakubwa aina ya iguana. Ukienda Parque del Centenario, bustani iliyo kati ya mji wa ndani na Getsemaní, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, utawaona juu ya miti pamoja na wale wanyama wanaotembea polepole wenye kucha ndefu. Watoto wangu walikataa kuondoka pale kwa saa nzima. Mhunzi anayewaona kila asubuhi hahitaji Kiarabu wala mfalme ili amfinyange mmoja.

#11 Binti Kisauni (Mombasa)

Haya sasa, Seremala amepata msaidizi kutoka theluji. Lakini kaka wa Toronto, simba nao je? Kolombia haina simba. Na nguva wa nusu mwanamke aliwaona kwenye mti gani?

#12 Mkaa Toronto (Kanada)

Umenishika hapo, dada. Kwa simba sina jibu. Simba wa mlangoni wamejaa Ulaya nzima, nadhani waliletwa wakiwa tayari.

#13 Ndugu wa Kisangani (Kongo)

Habari zenu wote. Nimesoma kwa makini tangu mwanzo, na nimeona kwamba tumezungumza juu ya mwenye nyumba, mhunzi wa Hispania, mhandisi wa Italia na hata mjusi, lakini hatujamtaja mtu aliyeusukuma mlango ule kila siku.

Plaza de los Coches ambayo ndugu Mtembezi aliipita alipotoka langoni, mahali ambapo leo watu hupiga picha chini ya matao ya Portal de los Dulces na kununua peremende, ilikuwa soko la kuuzia watu. Cartagena ilikuwa mojawapo ya bandari kuu ambako Hispania iliruhusu watumwa kutoka Afrika kushushwa, na wengi sana katika karne ya kumi na saba walitoka Kongo na Angola, yaani watu wa lugha za Kibantu. Padri Pedro Claver, ambaye kanisa lenye mifupa yake liko dakika chache kutoka hapo, alikuwa akiwafuata melini na katika maghala walikofungiwa, akitumia wakalimani Waafrika kwa sababu lugha zilikuwa nyingi. Alijiita mtumwa wa watumwa hadi alipofariki mwaka 1654. Tembea tena hadi Calle de la Factoría, uitazame nyumba ya Marquis wa Valdehoyos, aliyekuwa na kibali cha kuingiza watumwa na unga wa ngano. Mlango wake ni mkubwa na mzuri. Nilisimama mbele yake nikashindwa kupiga picha.

Kwa hiyo ninapoulizwa maana ya pete ile, nauliza kwanza nani aliifua. Kazi za uhunzi, useremala na uashi katika mji ule zilifanywa kwa sehemu kubwa na Waafrika na watoto wao, watumwa na walioachwa huru. Kongo ilijua kufua chuma na shaba kabla ya Mhispania kufika. Siwezi kusema kuwa mjusi ni wa Kongo. Ninasema kwamba kama tunawatafuta mafundi Granada, tuwatafute pia Mbanza Kongo, mji mkuu wa ufalme wa kale wa Kongo.

#14 Mzee wa Kilindini (Mombasa)

Ndugu wa Kisangani, ahsante. Nimeisoma mara mbili. Nilipita Calle de la Factoría bila kujua.

#15 Dada wa Kigoma (Kigoma)

Mimi nilifika San Basilio de Palenque, kijiji kilicho umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Cartagena, ambacho wakazi wake ni wazao wa watumwa waliotoroka wakaongozwa na Benkos Biohó. Wahispania walimnyonga Biohó mwaka 1621, lakini kijiji hakikufa, na utamaduni wake umo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Wana lugha yao, mchanganyiko wa Kihispania na Kikongo. Mama mmoja alinionyesha ng'ombe akasema *ngombe*. Nikamwambia hata kwetu ni ng'ombe. Akanishika mkono, akawaita majirani, nikalazimika kulirudia mbele ya kila mmoja wao. Tulikula karanga, nazo wanaziita *nguba*, kama Wakongo.

Wale akina mama wa nguo za rangi wanaobeba matunda kichwani ndani ya mji, ambao wageni hukimbilia kupiga nao picha, jina lao la *palenqueras* limetoka katika kijiji hicho. Ninawaomba mtakaokwenda: mwombe ruhusa kwanza, na mlipe au mnunue tunda, kwa sababu ile ndiyo kazi yao. Wanauza pia *cocada*, ambayo ni kashata ya nazi, hakuna jina lingine.

Kuhusu milango: nilipouliza kijijini, waliniambia hawajui lolote juu ya pete za mjini, kwa sababu wazee wao walitoka kule bila kugeuka nyuma. Nimeliweka hapa jibu hilo kama nilivyolipewa.

#16 Mpita Njia (Dodoma)

Uzi mzuri sana. Nina swali dogo la safari: kweli mtu anaweza kutembea mchana kutwa? Nimesikia joto ni kali.

#17 Mkaa Toronto (Kanada)

Kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kaa ndani. Tembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, wakati wafagiaji wako barabarani na milango inafunguliwa. Huo ndio wakati ambao utaona nyua za ndani, mimea na visima, kabla ya wageni wa meli za utalii kufika. Rudi tena jioni upepo unapoanza. Fuata upande wa vibaraza vya mbao vinavyoning'inia juu ya barabara, kivuli kinapatikana. Ujue pia kwamba jina la barabara hubadilika kila baada ya nyumba chache: unaingia Calle de la Mantilla, hujapiga hatua mia uko penye jina jingine. Mke wangu alidhani tumepotea, kumbe barabara ilikuwa ileile.

#18 Mzee wa Kilindini (Mombasa)

Hilo la majina lina asili yake: kila kipande kati ya njia panda mbili kilipewa jina lake, la mkazi, kanisa au tukio. Ipo hata Calle Tumbamuertos, yaani barabara ya kuangusha maiti, upande wa San Diego. Wenyeji husema wabeba majeneza walikuwa wakijikwaa pale. Nalo lichukueni kama simulizi.

#19 Kiongozi wa Malindi (Unguja)

Nimekuwa nikisita kuandika, kwa kuwa mimi ni kiongozi wa watalii Mji Mkongwe kwa zaidi ya miaka kumi, na baadhi ya maneno ya ndugu Mtembezi yananihusu.

Nilipoanza kazi, kaka mmoja aliyenitangulia alinifundisha milango: mnyororo uliochongwa pembeni ni utumwa, samaki ni riziki, yungiyungi ni amani, misumari ni tembo. Nikayakariri, nikayasema. Baadaye mzee mmoja mchonga milango aliniambia kuwa mnyororo ni wa kinga, wa kuifunga nyumba dhidi ya shari, na misumari imetoka Bara Hindi, ambako tembo wapo kweli na walitumika vitani. Mchongaji wa pili akaniambia mnyororo hauna maana, ni ukingo tu unaojaza nafasi vizuri. Wote watatu ni watu ninaowaheshimu.

Nataka mwelewe jinsi maana inavyozaliwa. Mgeni hasemi, "Kitu hiki kimetengenezwaje?" Huuliza, "Kina maana gani?" Anauliza kila mlango, kila siku, kwa miaka. Kiongozi akisema "Sijui", mgeni humsikitikia. Akisema "Nyumba ya mwalimu", mgeni hufurahi, huandika, na mwaka unaofuata anakuja mwingine aliyesoma maandishi hayo, anamweleza kiongozi mgeni kazini. Sisemi kwamba kiongozi wa Cartagena alidanganya. Inawezekana kabisa kuwa alikuwa akirudisha aliyofundishwa kwa uaminifu, kama mimi. Tangu siku ile niliamua kuwaambia wageni maelezo yote matatu na kuwataja walionipa, na nimegundua kuwa wengi wanapenda zaidi hivyo.

#20 Msanifu Mikocheni (Dar es Salaam)

Nakubaliana na #19, nami nitaongeza sababu ya shaka ambayo haijaguswa. Pete nyingi mnazozipiga picha huenda si za kale. Mji wa ndani umekuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1984, na tangu hapo nyumba nyingi zimenunuliwa, zikakarabatiwa, zikawa hoteli ndogo na mikahawa. Niliwahi kulala katika mojawapo, nikamsifia mpokezi yule simba wa mlangoni. Akaniambia bila kusita kuwa aliwekwa wakati wa ukarabati, kwa sababu mwenye hoteli alimpenda. Pete kama hizo zinauzwa madukani kama kumbukumbu za safari, hata kwenye yale maduka ya Las Bóvedas, majengo yenye matao yaliyokuwa maghala ya kijeshi mwishoni mwa karne ya kumi na nane.

Kumbukeni pia kuwa mji wa kwanza ulikuwa wa mbao na makuti, ukaungua mwaka 1552, ndipo ikaamriwa kujenga kwa mawe, matofali na vigae. Kisha ukaporwa na Wafaransa wa Baron de Pointis mwaka 1697, ukazingirwa kwa njaa na jeshi la Kihispania la Jenerali Morillo mwaka 1815. Shaba ni mali wakati wa vita. Ni pete ngapi zilizovuka yote hayo zikiwa bado mlangoni pake?

#21 Binti Kisauni (Mombasa)

Lakini, kaka Msanifu, kubadilishwa kwa pete hakuondoi desturi. Hata kanga ya leo ni mpya, na bado jina lake lina maana. Msemo wa *a tal casa, tal aldaba* haukubuniwa na mwenye hoteli. Mimi bado nasimama na kiongozi wa kwanza, walau nusu.

#22 Msanifu Mikocheni (Dar es Salaam)

Msemo unasema pete inalingana na nyumba, dada. Hausemi mjusi ni nani.

#23 Mtembezi wa Shangani (Unguja)

Nimerudi kwenye picha zangu zote usiku wa jana, mke wangu akinisaidia. Nimeona mambo mawili. La kwanza, mjusi wa hoteli moja na mjusi wa duka la nguo mtaa wa pili wana ufa uleule kwenye mkia, yaani wametoka katika kalibu moja. Hilo linamsaidia Msanifu. La pili, kuna mlango mmoja Getsemaní, nyuma ya Plaza de la Trinidad, wa nyumba ya kawaida ya chini, rangi imebanduka, ambao pete yake ni mkono uliolika vidole hadi vikawa vyembamba kama vya mtoto. Hiyo si ya juzi. Kikongwe aliyekuwa amekaa kwenye kiti nje alituona tukiitazama, akaipiga mara mbili ili tusikie sauti yake, akacheka. Hatukuwa na lugha ya kumuuliza.

#24 Bint Mattrah (Maskati)

Mkono wa mlangoni upo tangu Moroko hadi Andalusia, na watu wengi husema ni kinga ya jicho baya. Kama kiongozi alisema ni wa watu wa kanisa, hapo pana jambo la kutafutwa zaidi, Mwalimu.

#25 Mwalimu Kirumba (Mwanza)

Nimeliona, Bi. Ninalifanyia kazi.

#26 Mpita Njia (Dodoma)

Wazee wangu, safari yangu ni mwezi Januari, inshallah. Nitakuwa na siku tatu mjini na moja Palenque. Niambieni cha kutazama, nitawaletea picha hapa.

#27 Seremala wa Langoni (Lamu)

Usipige picha ya mbele, hizo tunazo. Amka mapema kama alivyosema ndugu wa Toronto, wakati milango iko wazi, uombe ruhusa, utazame nyuma ya ubao. Ukiona ncha za misumari zimekunjwa na kuzama kwenye mbao za kukata, misumari ile inafanya kazi, na mlango ni wa fundi. Ukiona nyuma ni laini, hakuna ncha, basi imebandikwa mbele kwa pambo. Tazama pia shimo la pete: pete ya kale huchimba mbao pale inapogonga, ikaacha kidonda cha duara. Mbao nzima, pete mpya.

#28 Ndugu wa Kisangani (Kongo)

Na ukifika Calle de la Factoría, usimame kidogo.

#29 Mtembezi wa Shangani (Unguja)

Seremala, baada ya kukusoma nimepata picha moja tu ya ndani, ambayo mke wangu aliipiga kwa ajili ya maua ya uani, mlango ukionekana pembeni. Nimeikuza kadiri simu inavyoweza. Safu mbili za chini zina ncha zilizokunjwa. Safu za juu hazina kitu.

#30 Seremala wa Langoni (Lamu)

Ilete hapa, tuitazame.